Uchambuzi wa kisa: Watu wanane, mgahawa mpya wa Kimeksiko na saa moja na nusu ya mchana

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili: wenye migahawa midogo wanaotaka kuuza chakula kisichozoeleka, na wale wanaotumwa na ofisi zao kutafuta mahali pa kulia. Nimezungumza na pande zote mbili baada ya tukio, kila upande peke yake. Majina, mtaa na aina ya ofisi nimeviondoa.

Mazingira

Mgahawa uko Mwanza, upande wa Ilemela, huko ambako jiji linapanda kati ya mawe na kila baada ya miezi michache unakuta nyumba mpya pale ulipozoea kuona mbuzi wakichungwa. Mmiliki ni mama wa makamo aliyefanya kazi jikoni nje ya nchi kwa miaka mingi. Alijifunza chakula cha Meksiko kwa Wameksiko wenyewe, akarudi na akiba yake, akapanga nyumba ya kawaida yenye uwanja mpana mbele. Jikoni aliweka jiko la gesi la pleti tatu na chuma kimoja kikubwa cha chapati. Alikuwa na mpishi, msaidizi wa mpishi na binti mmoja wa kuhudumia meza.

Jioni biashara ilikwenda vizuri. Vijana walikuja kupiga picha, wanachuo walikuja wawili wawili, na Jumapili zilikuwa na watu. Mchana ndio uliokuwa mtupu. Kwa hiyo dada mmoja wa utawala alipopiga simu kutoka ofisi ya katikati ya jiji na kusema anataka meza ya watu wanane Alhamisi saa saba, mmiliki hakuuliza maswali mengi.

Ofisi ilikuwa inamuaga kijana wao aliyehamishiwa mkoa mwingine. Desturi yao ni kwenda hoteli ya karibu kula wali, sato wa kukaanga na kuku, kisha hotuba fupi na zawadi. Safari hii muagwa mwenyewe aliomba wabadilishe. Huyo dada wa utawala, ambaye humu nitamwita Mratibu, alikuwa ameona picha za mgahawa kwenye simu, akapendekeza, na Mkuu wa ofisi akakubali.

Mezani walikuwa Mkuu wa ofisi, ambaye ni mama, mhasibu aliyebakiza muda mfupi astaafu, anayeitwa Mzee na kila mtu pale kazini, muagwa, dada mmoja Msabato, ndugu wawili Waislamu, dereva, na Mratibu. Kwa anayeijua Mwanza, hiyo ni meza ya kawaida kabisa. Naitaja kwa sababu nusu ya yaliyotokea yalikuwa yameshaandikwa katika orodha hiyo kabla hata gari halijawashwa.

Maandalizi

Mratibu alifanya mambo mawili vizuri. Aliepuka Ijumaa, kwa sababu saa saba ya Ijumaa wenzake wawili wako msikitini. Na aliomba nusu saa ya ziada kwa Mkuu, hivyo wakawa na muda hadi saa nane na nusu badala ya saa nane kamili.

Bajeti ilikuwa shilingi 15,000 kwa kichwa, pamoja na kinywaji, na risiti halali kwa ajili ya mhasibu.

Kisha aliuliza kwenye simu swali moja tu: chakula kipo? Akajibiwa, "Njooni tu dada, kila kitu kipo." Jibu hilo tunalipenda sana katika biashara ya chakula. Linamtuliza mteja na halimfungi muuzaji kwa lolote.

Siku yenyewe

Walifika saa saba na dakika tano. Meza zilikuwa zimeunganishwa chini ya mti, vitambaa vimetandikwa, na kila mtu amewekewa uma na kisu. Menyu ilikuwa karatasi nzuri iliyogandishwa plastiki, yenye majina ya vyakula na bei. Hakukuwa na maelezo mengine yoyote.

Jina la taco lilizua kicheko kwa sababu ambayo msomaji ameshaikisia, na binti wa kuhudumia aliona haya kulitamka mbele ya Mzee. Mazungumzo yao, kama nilivyosimuliwa na watatu kati ya waliokuwepo, yalikwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii namba tatu ni nini?"

"Hiyo ni kama chapati, mzee, ila ya mahindi. Inawekewa nyama na kachumbari."

"Ya mahindi? Basi niletee ugali, tumalize."

Ugali haukuwepo.

Dada Msabato akauliza samaki wa namba tano ni samaki gani. Swali lake halikuwa la udadisi: Wasabato hufuata mafundisho ya Walawi sura ya 11, na samaki asiye na magamba, kama kambale, hawali. Binti akaenda jikoni, akarudi na kusema ni samaki wa ziwani. Meza nzima ikamtazama. Jiji lenye soko la Mwaloni halina samaki anayeitwa samaki wa ziwani. Lina sato, sangara, kambale, kamongo, furu na dagaa, na kila mmoja ana bei yake na watu wake.

Ndugu mmoja akauliza nyama imechinjwa na nani, na maharage yamekaangwa kwa mafuta gani, maana namba nane kwenye menyu ilikuwa kitimoto. Binti akaenda tena. Alirudi na jibu kwamba nyama ni ya kawaida.

Oda zilikamilika saa saba na nusu. Watu wanane walikuwa wameagiza vitu saba tofauti. Wengi walichagua taco, tatu kwa sahani, kila mmoja na nyama yake. Wawili walichukua burito, yaani chapati inayoviringishwa na chakula ndani yake. Mzee alikubali wali na kuku "wa hivyo hivyo".

Saa saba na dakika hamsini sahani ya kwanza ikatoka. Ilikuwa ya dereva. Dereva akaitazama, akamtazama Mzee, akaifunika kwa tishu. Baada ya dakika chache zikatoka za muagwa na dada Msabato. Nao hawakula. Mkuu akasema, "Kuleni jamani, msitungoje," akarudia tena, na mmoja akachovya kidogo kwenye sosi kwa heshima. Saa nane na dakika tano sahani nne zilikuwa mezani, zote zimepoa, na zile chapati za mahindi zimeanza kukakamaa na kupasuka katikati. Sahani ya Mzee haikuwa imetoka. Wala ya Mkuu.

Hapo ndipo Mratibu aliponyanyuka akaenda jikoni.

Maamuzi matatu

Uamuzi wa kwanza ni wa Mratibu. Alimwambia mmiliki aache oda zilizobaki kama zilivyoandikwa. "Dada yangu, muda umetuishia. Nyama weka kwenye bakuli, maharage bakuli, wali sinia, kachumbari sinia, hizo chapati zifunge kitambaa uweke kwenye hotpoti. Tutajichanganyia wenyewe." Sababu yake aliniambia waziwazi: hakuwa anawaza chakula, alikuwa anaona aibu ya watu kukaa mbele ya chakula wasichoweza kukigusa.

Mmiliki alisita. Kwake taco ni kitu kinachopangwa na mpishi, kila kiungo mahali pake, na ndivyo alivyofundishwa. Alihofia kwamba wageni wangeondoka wakidhani chakula cha Meksiko ni wali maharage wenye pilipili. Lakini alitazama zile sahani nne uwanjani, akakubali. Huo ndio uamuzi wa pili. Naona ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu mwenye ujuzi ndiye aliyelazimika kuachia.

Uamuzi wa tatu hakuna aliyemwomba aufanye. Mmiliki alivua aproni, akatoka mwenyewe hadi mezani, akasalimia, akaeleza. Samaki ni minofu ya sangara. Kuku na ng'ombe wamenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu anayeuzia mtaa mzima. Maharage yamekaangwa kwa mafuta ya alizeti, ingawa kwao Meksiko mara nyingi hutumia mafuta ya nguruwe. Halafu akaongeza neno ambalo lingeweza kumgharimu: kile chuma cha chapati asubuhi kilikuwa kimepashiwa kitimoto, na chapati zote zilizoko mezani zimepita juu yake.

Kulikuwa kimya kidogo. Wale ndugu wawili wakashukuru. Wakapewa wali, maharage, samaki na parachichi kutoka kwenye sufuria za pembeni, na kikaango kingine kikasuguliwa kwa ajili yao.

Uma na visu vikaondolewa, ukaja mtungi wa maji ya moto, sabuni na beseni. Mzee akanawishwa wa kwanza. Masinia yakatua yote kwa pamoja saa nane na dakika ishirini, na kwa dakika ishirini na tano zilizofuata hakuna aliyezungumza habari za kuchelewa.

Matokeo

Kwa ofisi matokeo yalikuwa mchanganyiko. Walirudi saa tisa na nusu alasiri, saa nzima baada ya muda waliopewa, na kulikuwa na mteja anayengoja kwenye benchi. Hotuba ya kuaga ilitolewa ndani ya gari. Muagwa aliridhika. Mzee alisema kuku alikuwa mtamu na kwamba hatarudi.

Mgahawa ulipata hasara siku hiyo, kwa sababu chakula cha sahani nne za mwanzo hakikudaiwa na masinia yalijazwa kwa mkono mpana. Lakini wiki chache baadaye mmoja wa wale ndugu wawili alirudi na familia yake jioni. Alisema alirudi kwa sababu aliambiwa habari ya chuma kabla hajauliza. Dada Msabato naye ameshapeleka kwaya nzima kula samaki.

Mmiliki alibadilisha mambo kadhaa, ambayo nitayataja panapohusika hapa chini.

Uchambuzi: kungojana

Mmiliki alianza maelezo yake kwangu kwa kusema wateja wa Mwanza wanaogopa chakula kigeni. Sikubaliani naye, na ushahidi uko kwenye masinia: vilipopangwa vizuri, vitu vile vile viliisha.

Tazama kilichokuwa mezani. Mahindi, maharage, pilipili, nyanya, parachichi: vyote asili yake ni bara la Amerika, na vyote viko kwenye jiko la Kisukuma leo. Mahindi yenyewe yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita na yakaja Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Pilipili mbuzi tunayokula na wali ni jamii moja na habanero, ile pilipili kali ya Yucatán huko Meksiko. Salsa ya nyanya, kitunguu, ndimu na giligilani ni kachumbari ambayo hata bibi wa Magu asingeishangaa. Hiki si chakula kigeni kwetu. Ni ndugu wa chakula chetu aliyekulia mbali.

Kilichovunja mlo ni mpangilio wa kutoka kwa sahani. Mkahawa wa kizungu huweza kuleta sahani moja moja, na kila mtu akaanza kula yake ikifika. Kwetu hapa, hasa mezani penye mkubwa wa umri na mkubwa wa cheo, wa chini hali kabla wa juu hajapata. Dereva hakufundishwa na mtu kufunika sahani yake, ni malezi. Kwa hiyo dakika zilizohesabika hazikuwa za sahani ya kwanza kutoka, zilikuwa za sahani ya mwisho. Na ya mwisho ilikuwa ya Mzee, kwa sababu kuku wake ndiye aliyechukua muda mrefu jikoni na hakuna aliyemwambia mpishi kwamba sahani ya mzee inatangulia.

Mkuu alifanya jitihada ya kuwaruhusu wenzake kula. Ruhusa ya aina hiyo haifanyi kazi mara moja. Watu huipima kwanza kama ni ya kweli au ya adabu. Angekula yeye mwenyewe tonge moja kutoka sahani yoyote, meza nzima ingefuata. Nalisema hili kwa wakuu wa ofisi wanaosoma.

Ukweli mwingine ni wa hesabu tu. Chuma kilikuwa kinabeba chapati mbili za mahindi kwa wakati mmoja, kila awamu ikichukua kama dakika mbili. Taco kumi na tano ni awamu nane, yaani dakika kumi na sita bila kusimama, na hapo hujapasha burito wala hujageuza nyama. Kwa meza ya watu wawili wa jioni chuma kimoja kinatosha na kinasalia. Kwa meza ya wanane wa mchana hakitoshi hata mpishi awe malaika. Mmiliki alikuwa anaujua uwezo wa jiko lake. Hakuwa ameuweka kwenye menyu ya mchana. Siku hizi meza ya zaidi ya watu watano haiagizi sahani binafsi mchana. Inapewa masinia, na jambo hilo linasemwa kwenye simu wakati wa kuweka nafasi.

Uchambuzi: swali la nyama

Wahudumu wengi huona maswali ya nyama kama usumbufu. Katika Kanda ya Ziwa ni hatari kuyachukulia hivyo. Tunakumbuka mgogoro wa mwaka 2013 kati ya Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje, ulivyofikia hadi kumwaga damu kule Geita. Mtu anayeuliza nani kachinja anauliza kwa upole jambo zito, na anastahili jibu lenye jina la jambo, si "ya kawaida".

Binti wa kuhudumia simlaumu. Alitumwa mezani bila silaha. Hakuwa ameonja vyakula vyote, hakujua mafuta, hakujua samaki. Kila swali lilimrudisha jikoni na kumsimamisha mpishi aliyekuwa tayari amezidiwa. Hapo mgahawa ulilipa mara mbili: imani ya mteja ilipungua na kazi ya jikoni ilikatika.

Kilichofanya kazi ni mmiliki kutoka na kusema yote, pamoja na lile baya. Angeweza kunyamaza kuhusu chuma. Hakuna ambaye angejua. Baadhi ya wenye migahawa niliowasimulia kisa hiki walisema alikosea, kwamba alijitangazia uchafu mwenyewe. Mimi naona alifanya biashara bora ya mwaka mzima pale pale, ila naona pia kwamba ukweli wa saa nane na kumi ungekuwa bora zaidi kama ungesemwa saa saba na kumi, kabla sahani hazijatoka. Mgahawa wenye kitimoto kwenye menyu na chuma kimoja jikoni una mambo mawili ya kuchagua: kununua chuma cha pili au kuondoa kitimoto. Mmiliki alinunua chuma cha pili, akakipaka rangi nyekundu mpini, na kitimoto sasa kinauzwa jioni peke yake.

Menyu mpya ina mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila jina: kilichomo, samaki gani, mafuta gani, ukali wa pilipili. Bado ni karatasi ile ile iliyogandishwa plastiki.

Uchambuzi: unga

Hapa nitakaa kidogo, maana wasomaji wengi watajaribu kupika nyumbani na watakwama mahali pale pale.

Chapati za mahindi za siku ile zilipasuka kwa sababu zilikandwa kwa sembe iliyochanganywa na ngano kidogo. Sembe ya kawaida, ukiikanda kwa maji, haina kitu cha kuishika. Ukiipika kwenye maji yanayochemka unapata ugali. Ukiitandaza mbichi ikiwa nyembamba unapata kitu kinachovunjika ukikikunja, na kikipoa ndiyo kabisa. Ngano husaidia, lakini ladha inahama na chapati hukakamaa upesi.

Wameksiko hawatumii sembe. Huchemsha punje za mahindi katika maji yenye chokaa ya chakula, huziacha zilale usiku kucha, huziosha hadi maganda yatoke, kisha huzisaga zikiwa zimelowa. Chokaa hulegeza ganda na kugeuza sehemu ya punje kuwa kama gundi, na ndiyo maana donge lake linakunjika bila kuvunjika. Ile harufu ambayo waliokula huko wanaikumbuka nayo inatoka hapo. Pengine watu wa zamani walitumia majivu ya kuni badala ya chokaa. Kwa mtu aliyekuzwa kwenye makande yaliyotiwa magadi, wazo la kupika nafaka na kitu cha jamii hiyo halipaswi kuwa la ajabu, ingawa magadi hayatoi matokeo sawa.

Jambo hili lina upande wa afya pia. Vitamini ya niasini iliyomo kwenye mahindi imefungika, chokaa huifungua. Mahindi yaliposambaa duniani bila ujuzi huo, watu maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipatwa na pelagra, ugonjwa wa ngozi kuchubuka, kuhara na akili kuchanganyikiwa. Kusini mwa Marekani uliua maelfu mwanzoni mwa karne ya 20, na niasini ilitambuliwa kuwa tiba mwaka 1937. Mbegu ilisafiri, mapishi yakabaki kwao. Mwaka 2010 UNESCO iliingiza mapishi ya jadi ya Meksiko kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na utaratibu huu wa chokaa ni sehemu ya sababu zilizotajwa.

Mmiliki aliyajua haya yote. Alitumia sembe kwa sababu unga maalumu ulioagizwa ulikuwa umeisha na mzigo mwingine ulikuwa haujafika. Uamuzi wa kupika hivyo hivyo naweza kuuelewa. Ila alikuwa na njia nyepesi zaidi: siku ile angeuza burito tu, ambayo kwa kawaida ni ya ngano, na mkono wowote wa Mwanza unaojua kusukuma chapati ungezitoa haraka na laini. Samaki wa kukaanga mwenye kabichi na ndimu ndani ya chapati laini ya ngano, katika jiji la sangara, hahitaji kuombewa.

Uchambuzi: chakula cha saa ngapi

Taco nyingi za mtaani huko Meksiko ni chakula cha jioni, au cha asubuhi mapema. Mlo wao mkubwa ni wa mchana, kati ya saa nane na saa kumi, na wafanyakazi wengi huula katika vibanda vinavyouza mlo uliopangwa kwa bei moja: supu, wali au tambi, kitoweo, chapati za mahindi, na maji ya matunda. Hicho ni kibanda cha mama lishe, hakuna tofauti isipokuwa viungo.

Mmiliki alikuwa amechukua chakula cha jioni akakiuza mchana kwa watu waliokuja na njaa ya mchana. Taco tatu kwa shilingi 12,000 ni burudani. Si mlo wa mtu aliyekunywa chai saa moja asubuhi. Mzee alipoomba ugali hakuwa mshamba. Alikuwa anauliza swali ambalo hata mhasibu wa Meksiko angeuliza saa hiyo.

Mabadiliko makubwa zaidi ya mgahawa yalikuwa haya: sasa mchana kuna ubao mlangoni, mlo mmoja au miwili kwa bei isiyobadilika, juisi ya rozela au ukwaju ndani yake, na chakula kiko tayari saa sita na nusu. Rozela na ukwaju, kwa taarifa, ni vinywaji vya kawaida kabisa kwenye vibanda hivyo vya Meksiko. Taco zimerudi jioni.

Umbali na bei

Umbali haukuwa tatizo kubwa kama Mratibu alivyodhani. Kwenda na kurudi kulikula karibu saa nzima, lakini chakula kingekuwa mezani walipofika, wangechelewa kidogo tu. Bajeti ya 15,000 ilitosha. Risiti ilichelewa kwa sababu mashine ilikuwa imefungiwa chumbani na mwenye ufunguo ametoka. Hilo ni suala la kutundika ufunguo msumarini.

Upande wa anayeandaa

Mratibu aliokoa mlo na anastahili sifa. Hata hivyo maswali yote yaliyoulizwa mezani yangeweza kuulizwa na yeye kwa simu siku mbili kabla: samaki gani, nani anachinja, kuna kitimoto jikoni, mnaweza kuhudumia watu wanane kwa pamoja, sahani zitatoka saa ngapi. Aliwajua wenzake kiasi cha kuepuka Ijumaa. Ujuzi huo huo ungemfikisha kwenye maswali haya. Siku hizi, aliniambia, akijibiwa "njooni tu, kila kitu kipo," anauliza, "Kipo nini?"

Hali ilivyo sasa

Mgahawa unaendelea. Taco za jioni zinatumia unga ulioagizwa. Masinia ya mchana yanatoka na chapati za ngano. Mmiliki amejaribu mara kadhaa kuchemsha mahindi meupe ya hapa na chokaa ya chakula, si ile ya kupaka ukuta, na anasema punje zinatoka ganda vizuri. Kikwazo ni kusaga. Mashine za mtaani zimetengenezwa kwa mahindi makavu, na hakuna mwenye mashine aliyekubali kumwagiwa mahindi yenye maji ndani yake. Ameagiza kinu cha mkono, na mpishi ameshasema hatakizungusha yeye bila nyongeza ya mshahara.